Tao Mbele ya Lango la Min Apiyo

Nyinyi vijana mnaokuja kutembea kando ya mfereji wetu siku za wikendi, nawaona. Mnashuka barabarani, mnafuata njia ya ukingoni, na mkifika kwenye madaraja ya matofali mnapanda juu ya kuta kupiga picha. Juzi mmoja wenu, kijana mwenye adabu kabisa, akaniuliza, "Mzee, hii madaraja ilijengwa na Wazungu?" Nikamwambia ndiyo, Mzungu alikuwa amekaa pale chini ya mwavuli. Akaandika kwenye simu yake akashukuru. Haya basi. Heri niseme mwenyewe kabla hamjamaliza kuandika.

Jina langu ni Odera. Nilikuwa fundi mwashi wa mfereji huu miaka yote ya tisini na kabla yake. Hakuna aliyenistaafisha isipokuwa haya magoti. Mfereji ulichimbwa enzi za ukoloni kutoa maji mtoni na kuyapeleka kwenye mashamba ya mpunga na miwa. Mafundi wa Kihindi walionyesha, babu zetu wakabeba udongo, wakachoma matofali, wakajenga. Mwenye mwavuli alikuwepo, sikatai, lakini mwavuli haushiki mwiko. Ile njia mnayotembea ilikuwa ya watu wa kuzoa tope na magugu. Baadaye ikawa ya kwenda soko, ya kwenda kanisa, ya kupeleka ng'ombe maji. Na kila baada ya mwendo kidogo kuna daraja, jembamba, linatosha mkokoteni wa ng'ombe, na chini yake tao moja la matofali.

Swali lenu la pili huwa, "Linasimamaje bila chuma?" Hilo ni swali la maana, nalijibu kila mara. Kila tofali kwenye tao linataka kuanguka. Linazuiwa na jirani yake, ambaye naye anataka kuanguka. Wakishabanana hivyo, hakuna anayeanguka. Ndiyo siri yote, mengine ni jasho.

Tuanze na tofali lenyewe, maana wengi wenu mnajua la kununua tu. Udongo mzuri unatoka kwenye kichuguu. Mchwa ameshauchekecha, hajalalamika wala hajagoma. Ukishachoma, chukua matofali mawili uyagonganishe. Yakilia kama kikombe cha bati, weka kazini. Yakisema "pu", peleka nyumbani ukajengee banda la kuku, na kuku wenyewe uwaombe msamaha. Halafu kabla hujajenga, liloweke tofali kwenye pipa la maji mpaka liache kutoa mapovu. Tofali kavu lina kiu kuliko mlevi wa Rodi Kopany siku ya soko. Ukilipaka chokaa likiwa kavu, linanyonya maji yote, na chokaa inabaki unga mtupu.

Mnashangaa chokaa? Naam, chokaa, si simiti. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakusema uzibe kwa simiti. Kuna daraja moja karibu na soko lilizibwa kwa simiti na kikosi kilichotutangulia, kazi safi, laini kama sahani. Mvua chache tu, simiti imebaki pale pale imejitokeza kama meno, na matofali pande zote yamemenyuka. Tofali la zamani ni laini. Maji yakiingia ndani yanataka kutokea kwenye kiungo, na ukiziba kiungo kwa kitu kigumu, yatatokea kwenye tofali lenyewe na kulimenya. Chokaa ni laini, inapumua, inayaachia maji yaende zake. Lakini inakauka polepole, na ukiikimbiza inakuaibisha. Hilo la kukauka polepole mlikumbuke, kwa sababu ndilo lililotaka kumnyang'anya mwanamke mmoja boma lake.

Haya yote sikuzaliwa nayo. Aliyenifundisha ni Mkuria, Mzee Chacha wa kule Kehancha. Kikosi chetu kilijua kuta, kikajua misingi na kuta za visima, lakini tao hakuna aliyelijua. Waliolijua walikuwa wameshazikwa. Ofisa wetu wa maji ndiye aliyeona mbali. Alikuwa amepita Kehancha akaona mabanda ya kukaushia tumbaku, yale yenye majiko ya matofali, na mdomo wa kila jiko umejengwa kwa tao linalokaa juu ya moto msimu baada ya msimu bila kuanguka. Akauliza ni nani anayejenga hayo, akaletwa Mzee Chacha. Ofisa yule alikuwa na macho, nampa haki yake.

Mzee alikuja kwa baiskeli, mwiko umefungwa kwenye usukani. Mtu mfupi, mgomvi, haendi kanisa la mtu yeyote. Kikosi kizima kilikuwa Wajaluo, na Wakuria na sisi tumeibiana ng'ombe tangu enzi za mababu, tumesimama tunamtazama. Akashuka, akatutazama na yeye, akasema, "Msiogope. Ng'ombe zenu ziko salama, nimekuja na baiskeli." Tulicheka mpaka tukakaa chini. Yeye hakuwa na Dholuo, sisi hatukuwa na Kikuria, kwa hiyo kazi yetu yote tuliifanya kwa Kiswahili cha kuokoteza, na tukatukanana kwa hicho hicho.

Siku hiyo akaangalia ukuta mmoja, akaupima kwa timazi. "Nani alijenga hii?"

"Mimi," nikasema, kifua mbele.

"Iko sawa kabisa. Sasa sahau yote."

Ukuta unausimamisha kwa timazi, tao unalilaza juu ya kiunzi cha mbao kilichokatwa kama nusu ya mwezi. Unapanga matofali kutoka pande zote mbili, kulia moja, kushoto moja, mpaka yakutane juu, na lile la mwisho la katikati unaligonga liingie kwa shida. Hapo tao limefunga, lakini bado limelala juu ya mbao. Kazi ngumu ni kuziondoa hizo mbao. Mimi ningezipiga nyundo tu. Mzee Chacha alinishika mkono.

"Mtoto akilala mgongoni kwako," akasema, "unamshusha kwa kumtupa?"

Yeye kiunzi chake alikiweka juu ya magunia ya mchanga. Tao likiwa tayari, unatoboa magunia kwa ncha ya kisu, upande huu na upande huu kwa pamoja. Mchanga unamwagika kidogo kidogo, kiunzi kinashuka bila kishindo, na tao linakaa lenyewe taratibu. Nimeona mafundi wenye vyeti wakikodoa macho kwa hiyo kazi ya magunia, na ofisa wetu alipenda kuja kuitazama kama watu wanavyotazama mpira.

Sasa nifike kwa lile daraja ambalo nyinyi huwa mnalipita haraka kwa sababu halina ukuta mzuri wa kukalia.

Ng'ambo ya mfereji, mkabala na daraja hilo, alikuwa amejenga mtu aitwaye Onyango. Alitoka kwa baba yake kama desturi inavyotaka, na jogoo, na shoka, na moto, akaenda kufungua boma lake mwenyewe, lango limeelekea darajani. Mkewe tulimwita Min Apiyo, mama yake Apiyo. Onyango na jamaa zake wote walikuwa Wasabato kama mimi, mkewe akabaki Mkatoliki alivyozaliwa, na nyumba yao ilikuwa na amani kuliko nyingi nilizozijua zenye kanisa moja. Kaka mkubwa wa Onyango, Mzee Ogola, alibaki kwenye boma la baba yao upande huu wa barabarani. Sisemi Ogola alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mkubwa wa nyumba, na mkubwa wa nyumba akiona kitu kimegawanywa hukihesabu kuwa kimepotea.

Daraja lao lilipasuliwa na trekta la miwa. Tukalibomoa tao tulijenge upya. Onyango alikuwa ameshaanza kuugua. Alikuwa akitoka na koti lake zito, anakaa langoni anatutania: "Fundi, harakisheni, nisije nikapelekwa kaburini kwa mtumbwi." Baadaye akapelekwa hospitali, Homa Bay. Sisi tukaendelea, na tulipofunga tao, mvua zile tulizoziita Elnino zikatufikia. Nyinyi mliozaliwa baadaye hamwezi kuelewa. Mvua ilinyesha mpaka vyura wakatafuta pa kujikinga. Chokaa tuliifunika kwa majani ya migomba na maturubai, lakini hewa yenyewe ilikuwa maji, na chokaa itakaukaje?

Katikati ya hayo, habari ikaja kwamba Onyango amefariki, na mazishi ni Alhamisi.

Mzee Ogola alikuja ukingoni na mwavuli wake. Nikampa pole. Akaipokea, akatazama tao.

"Fundi, hii daraja itabeba watu Alhamisi?"

"Jaduong', mzee wangu, chokaa bado ni mbichi."

"Siulizi chokaa. Nauliza watu."

"Ikipata wiki kadhaa bila mvua..."

"Basi haitabeba." Akafunga mwavuli ingawa mvua ilikuwa inanyesha. "Maiti hawezi kuruka mto. Tutamzika kwa baba."

Niwaeleze, maana wengine wenu mmekulia mjini. Daraja jingine, juu zaidi kwenye mfereji, lilikuwepo, ndiyo, lakini kutoka huko ungepitisha jeneza ndani ya boma la mtu mwingine, halafu ulipenyeze kwenye ua nyuma ya nyumba. Mwenye boma haingii kwake kwa nyuma kama mwizi wa kuku. Anapita langoni. Na kama hawezi kupita langoni, basi anazikwa kwa baba yake. Hapo ndipo palipokuwa na shimo. Kwetu sisi, kaburi la mwenye boma ndilo linaloshuhudia kwamba boma ni lake. Onyango akizikwa kwa baba, lile boma la ng'ambo lingekuwa kibanda tu ambacho mtu aliwahi kukaa, na mkubwa wa nyumba angekuwa na neno la kusema juu yake. Hakuna aliyelitamka hilo. Kila mtu alilijua.

Min Apiyo alikuja mwenyewe jioni ile, akasimama upande wake wa mfereji. Alikuwa amevaa lile koti la mumewe, kama wajane wetu wanavyofanya. Halii.

"Odera, wamekuambia?"

"Wameniambia, nyaminwa." Nilimwita dada.

"Wakimzika kule, kesho wataniuliza nafanya nini hapa. Na watoto wataulizwa wanalima shamba la nani." Akatazama maji yanayopita kati yetu. "Mimi sijui mambo ya chokaa. Nakuuliza tu, kuna njia?"

Nikamwambia nitaongea na Mzee Chacha. Niliogopa, nasema wazi. Nilikuwa na picha moja tu kichwani, jeneza linaelea na watu wanapiga kelele, na jina langu ndilo linalotajwa.

Na kama hiyo haikutosha, mfereji nao ulikuwa unajaa. Mlango wa maji kule mtoni ulikuwa umeshashindwa, maji yanapita juu yake, na vijito vya mlimani vinaongeza. Maji hayo yalileta mabua ya mahindi, matete, magogo, hata mlango wa choo cha mtu. Vyote vinakuja kukwama kwenye kiunzi chetu chini ya tao. Tulitoa kwa miti mirefu, vikaja vingine. Ofisa wetu alikuwa upande wa pili wa barabara iliyokatika, hakuna wa kumuuliza. Tukakaa mimi na Mzee Chacha chini ya turubai, tukagombana.

"Tuache kiunzi ndani," nikasema. "Kitabeba jeneza na watu. Baada ya mazishi tutaona."

"Baada ya mazishi utaona nini? Hii takataka inasukuma kiunzi. Kiunzi ikienda, inaenda na tao."

"Na tukikitoa, tao ni bichi!"

"Odera, nilikuambia mara ngapi? Tao haisimami kwa chokaa. Inasimama kwa kusukumana. Chokaa ni ya kuzuia upepo."

"Na likianguka?"

Akatazama magogo yanayokuja na maji. "Kiunzi ikibaki, maji inabeba yote. Hiyo tunajua. Kiunzi ikitoka, hatujui. Mimi nachagua ile hatujui."

Miaka imepita na bado sijasikia hoja bora kuliko hiyo kwa mtu aliyebanwa.

Alhamisi asubuhi tukaingia majini, yamefika kifuani. Kabla ya yote, Mzee Chacha alichukua majivu na chokaa, akakoroga, akapaka mstari mwembamba kutoka tofali hadi tofali chini ya tao, begani kulia na begani kushoto. Hiyo nayo ishikeni. Tao likisogea, mstari unakatika kabla macho yako hayajaona kitu. Halafu yeye akatoboa magunia ya upande wake, mimi wangu. Mchanga ukaanza kutoka. Nilisikia kiunzi kikilia, kikashuka, na pakatokea mwanga mwembamba kati ya mbao na matofali. Tao likashuka nalo kidogo, likatulia. Mistari ilikuwa mizima. Tukavuta mbao kwa kamba, na takataka yote iliyokuwa imekwama ikapita chini kwa mshindo. Mzee akalipiga tao kofi kama mtu anavyompiga ng'ombe wake, akatoka majini anatetemeka.

Lakini tao tupu halivukiki. Linataka udongo mabegani na juu, na udongo huo ni mzigo unaolikaza, ili mradi uwe sawa pande zote mbili. Ule tuliouweka mwanzo ulikuwa haujafika hata nusu, na mwili ulikuwa njiani. Kikosi chetu peke yake kisingeweza. Hapo ndipo msiba ulipojisaidia wenyewe, kwa sababu kwenye msiba watu hawakosekani. Upande wa barabarani walikuwa akina mama wa Kisabato, wamekuja kwa ajili ya marehemu. Upande wa ng'ambo walikuwa akina mama wa Kikatoliki, wameshinda na mjane tangu habari ilipofika. Tukawaomba. Wakafunga leso viunoni, wakachukua karai, beseni, sufuria za msiba, wakaanza kubeba udongo, kila upande kwa wimbo wake.

Mnaona mbele kuna nini? Mimi sikuona.

Wasabato walipoongeza sauti, Wakatoliki wakaongeza mwendo. Wasabato wakasikia, wakaongeza mwendo na wao, lakini Wakatoliki walikuwa na kichuguu karibu, na mabibi wazee wachache kati yao. Udongo wao ukapanda kama ugali unaochemka. Nilikuwa juu nasawazisha, nafurahi, nasema moyoni kanisa ni kitu chema. Ndipo nikasikia Mzee Chacha anapiga kelele kutoka chini ya tao, "Simamisha hao! Simamisha hao wa ng'ambo! Mstari imekatika!"

Nikakimbia ng'ambo kwa kupita juu ya ubao. "Akina mama wa Katoliki, simameni! Mnaangusha daraja!"

"Sisi?" Kiongozi wao alikuwa mama mnene mwenye beseni kichwani. "Sisi ndio tunajenga! Waambie wale wa kwenu waamke!"

"Mzigo umezidi upande huu. Wangojeni!"

"Tangu lini Mkatoliki akangoja Msabato?"

"Tangu leo!"

"Unasema hivyo kwa sababu wewe ni Msabato."

"Mama, nasema hivyo kwa sababu mimi ni fundi, na yule mzee chini ya tao akifa mtamzika nyinyi, maana hana kanisa!"

Wakacheka, beseni likashuka. Nikachukua koleo, nikapunguza udongo wao kwa mikono yangu huku wakinizomea, mpaka mabega yakawa sawa. Mzee Chacha akapaka mstari mpya juu ya ule uliokatika, akaukodolea macho. Halafu tukaanza upya, beseni moja huku, beseni moja kule. Nilitaka waimbe wimbo mmoja ili waende pamoja, lakini wimbo walishindwa kukubaliana, kila upande unasema wa wenzao hauna mdundo. Basi wakawa wanaitikiana tu. "Haya!" upande huu. "Haya!" upande ule. Ndivyo daraja lile lilivyojazwa, vijana wangu, na mkisikia mtu anasema lilijengwa na Mzungu, mwambieni hivyo.

Mvua ilikuwa imepumzika gari la maiti lilipofika barabarani. Wakaliteremsha jeneza, na kwa kuwa kila mtu alishaona daraja limesimama, wakalibeba njia ya ukingoni, kwaya mbele, mpaka mbele ya daraja. Hapo Mzee Ogola akainua mkono, wakasimama.

"Daraja mpya haifunguliwi na maiti," akasema. "Ikianza na maiti itazoea."

Wazee wakaguna, wakakubali. Azungumzaye hivyo si mjinga.

"Lazima mtu aliye hai avuke kwanza," mzee mmoja akasema. "Na ni mkubwa wa nyumba."

Mkubwa wa nyumba alikuwa Ogola mwenyewe. Akalitazama daraja, udongo mbichi, maji mekundu yanapita karibu na tao. "Mimi siweki mguu yangu juu ya matope."

Na kwa kuwa yeye haweki, hakuna mdogo wake anayeweza kumtangulia. Mzee Chacha akapanda kutoka chini, amelowa, akasema, "Mimi nitavuka. Mimi nimejenga."

"Wewe si wa nyumba hii," Ogola akamjibu kwa upole.

Mimi pia sikuwa wa nyumba hiyo. Tukasimama wote. Wabeba jeneza wakaanza kubadilishana mabega. Wachimba kaburi walikuwa wamekaa pembeni juu ya majembe yao, hawajachimba popote, kwa sababu walikuwa hawajaambiwa ni upande gani. Nikasikia mtu nyuma yangu akinong'ona kwamba gari ligeuzwe, boma la baba si mbali. Hasira ilinipanda, na sikuwa na pa kuipeleka. Kazi yangu ilikuwa imekwisha. Daraja lilikuwa limesimama, na halikuwa na faida yoyote.

Ndipo Min Apiyo akatoka langoni kwake. Hakuharakisha. Koti la Onyango lilimfika magotini, mikono ameikunja. Akaja moja kwa moja hadi darajani, akakanyaga udongo, akatembea mpaka katikati, juu kabisa ya tao, akasimama. Mabibi wazee wa upande wetu walishika midomo. Mimi niliinama kutazama chini ya tao kwa mazoea tu, sikuona kitu, macho yalikuwa na maji.

Akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyetoka jikoni kupokea wageni, "Shemeji, karibu kwangu."

Kwangu. Kila mtu alisikia. Na nyinyi mnajua kwamba mtu aliyekaribishwa msibani, mbele ya watu, na mwenye nyumba, hana jibu la hapana.

"Min Apiyo," Ogola akasema, "umesimama juu ya matope."

"Nimesimama, shemeji. Na sijazama. Karibu."

Mzee Ogola alimtazama. Sijui aliona nini. Labda aliona lile koti, maana yeye na Onyango walilinunua pamoja wakiwa vijana, nilikuja kuambiwa baadaye. Akavua kofia. Akaweka mguu mmoja, akaujaribu, akaweka wa pili. Akapanda mpaka juu, akampita mjane kwa kumshika bega, akashuka ng'ambo, akafika langoni kwa mdogo wake. Hapo akasimama, mgongo umetugeukia, mabega yanapanda na kushuka, na hakuna aliyemharakisha.

Halafu akageuka, akawaita wale wachimba kaburi kwa sauti iliyokatika.

"Nyinyi mnangoja nini huko? Mwenye boma amefika. Vukeni mkachimbe."